Mkono wa Upinde

Kuna fundi viatu pale Ng'ambo, hapa Tabora, jirani na duka ninaponunua zipu na vifungo vya kazi yangu ya kushona, ambaye kabla ya kupitisha uzi kwenye ngozi huuburuta kwanza juu ya donge la nta mpaka uzi ung'ae. Wiki chache zilizopita nilisimama mbele yake nikisubiri kiatu cha mwanangu. Jua lilikuwa kali, nta imelainika, na harufu yake ikanipanda puani bila kunipigia hodi: utamu wa asali iliyokauka, moshi kidogo, na kitu kama jasho la mnyama. Nilishika ukuta.

"Vipi dada, jua?" aliniuliza.

Nikamwambia ndiyo, ni jua. Ningemwambiaje kwamba nilikuwa kijijini kwetu Usinge, nina umri wa darasa la tatu, na baba yangu ameketi kwenye kigoda nyuma ya nyumba, ncha ya upinde ameibana kwa kidole gumba cha mguu, anaupaka ugwe nta?

Ninyi wa rika langu mliokulia huku mnazikumbuka enzi zile za wizi wa ng'ombe. Tulikuwa watoto wa kulala tukisikiliza. Yowe likipigwa kijiji kimoja linapokelewa na cha pili, na wanaume wanatoka na pinde zao kabla hawajavaa hata viatu. Wezi walikuwa na magobore. Sisi tulikuwa na sungusungu, na sungusungu wa upande wetu, kuanzia relini mpaka ukingo wa msitu wa hifadhi, walimwita baba yangu Kamanda. Mimi nilimwita Baba mdomoni, lakini moyoni nilimwita Kamanda kama wao.

Alikuwa mtu mfupi, mwenye mabega ya mbeba magunia na sauti ndogo ambayo watu waliinama kuisikia. Alipenda kusimulia kwamba babu wa babu yake alikuwa ruga-ruga, akilinda misafara ya pembe za ndovu iliyopita palepale kwetu ikienda Ujiji, na kwamba reli ililazwa kando ya njia ile ya miguu. Nilimwamini kiasi kwamba kwa muda mrefu nilidhani misafara bado inapita, ila inapita tukiwa shuleni.

Hakuwa na mtoto wa kiume. Watu walisema ndiyo sababu akanifundisha mimi upinde. Nadhani alinifundisha kwa kuwa nilikuwa nasikiliza, na hakuna kitu alichokipenda baba yangu kama kusikilizwa.

Sebuleni kwetu, pale ambapo nyumba nyingine zilitundika kalenda au picha za harusi, kulikuwa na pinde tatu. Wa kwanza ulikuwa mrefu, wa mti wa mkole, ulionizidi kimo, umefungwa ugwe wa kano za mgongo wa ng'ombe zilizosokotwa. Huo ulikuwa wa sungusungu. "Huu ni wa kusimama," baba aliniambia akiwa nyuma yangu, mikono yake juu ya mikono yangu. "Mkono wa kushoto unanyooka, lakini haufi. Ukiukaza kama gogo, ugwe utakula nyama. Geuza kiwiko kitazame nje, kisitazame chini. Bega lishuke. Haya, kiwiko cha kulia kipande usawa wa sikio. Na usivute kwa mkono, Kabula. Vuta kwa mgongo, kama vile unataka mabega yako yasalimiane huko nyuma."

Wa pili ulikuwa mfupi, mwepesi, mweusi kwa moshi. Aliupata kwa mrina asali mmoja wa msituni. Mtu akiushika huo alibadilika umbo. Haukumtaka asimame wima. Ulimtaka achutame kidogo, aulaze upinde ubavu, kiwiko cha kushoto akikunje, avute mpaka kifuani tu na kuachia papo hapo. "Porini hakuna nafasi ya kujinyoosha," alisema. "Na ukiunyooshea mkono kama ule mrefu, mshale unapaa. Utapiga majani." Wa tatu alikuwa ameununua kwa mfugaji wa Kitaturu mnadani Igunga, mgumu kama chuma, na huo alisema hauvutwi, unasukumwa: mkono wa kulia unatulia na ugwe kifuani, wa kushoto ndio unaousukuma mti mbele, kama mtu anayefungua mlango ulioegemewa na watu. Huo sikuuweza kamwe. Nilisukuma mpaka nikaona nyota, na baba alicheka mpaka akafuta machozi, na ile ndiyo sura yake ninayoipenda hata leo. Kuikana nimejaribu, nimeshindwa.

Mimi nilichongewa wangu mdogo, na mishale ya mti mtupu isiyo na chembe cha chuma. Siku ya kwanza nilipoachia nikiwa nimesahau kiwiko, ugwe ulinichapa upande wa ndani wa mkono, palepale kwenye ngozi laini chini ya kiwiko. Nililia kama niliyeungua. Baba aliushika mkono, akautazama, akapuliza.

"Huyu ndiye mwalimu wa kwanza," alisema. "Mimi nasema kwa mdomo, yeye anasema kwa fimbo. Utamsikia yeye zaidi."

Alama ile ikawa nyeusi, ikawa ya kijani, ikawa ya njano. Shuleni nilikunja shati ili ionekane. Nilijifunza kusoma mikono ya watu: nikimwona kijana ana doa jeusi upande wa ndani wa kigasha, nilijua ameanza mazoezi juzi. Wanaume waliokomaa hawakuwa nayo. Baba hakuwa nayo kabisa.

Kuna siku walimleta mwizi. Tulikuwa tumetoka shule, tukaona watu wamejaa uwanja wa mpira, tukakimbia. Alikuwa mtu mzima, amefungwa kwa kamba ya katani, uso umevimba mpaka macho yamezama, na mshale umesimama kwenye nyonga yake kama kijiti kwenye ndizi. Walikuwa wamempiga njia nzima kutoka mtoni, na bado walikuwa wanampiga, lakini kwa uchovu sasa, kama watu wanaotwanga mwishoni mwa kinu. Baba alipofika walisogea. Akapiga goti kando ya yule mtu, akaushika mti wa mshale. Nikadhani anataka kumsaidia.

"Nani kapiga huu?"

Kijana mmoja akainua mkono, meno yote nje. "Mimi, Kamanda."

"Ulilenga wapi?"

"Mgongoni."

"Umepiga nyonga. Unajua kwa nini? Uliachia bega likiwa juu. Bega likipanda, mkono wa upinde unashuka ukishaachia, mshale unaufuata." Na kila alipoeleza alionyesha, na alionyesha kwa mkono uleule ulioshika mshale. Mti ule ulitikisika, na mtu yule alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia tena kwa binadamu. Wenzangu walikimbia. Mimi nilibaki. Nilimtazama yule kijana begani, nikaona kweli, hata akiwa amesimama tu bega lake la kushoto liko juu, na nikatikisa kichwa kumkubalia baba. Kisha akauchomoa. Mtu yule walimpakia kwenye mkokoteni wa ng'ombe apelekwe kituoni. Sikuwahi kusikia kama alifika.

Usiku ule nilikula ugali wangu wote. Nawaambia hivi ili mjue nilikuwa mtoto wa namna gani, na ni macho gani niliyokuwa nayo nilipouona mkono wa mama.

Mama alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye kutembea kama anayebeba maji hata akiwa hana kitu kichwani. Alilima tumbaku pamoja na baba, na msimu wa kukausha aliingia bani, banda la kukaushia majani, asubuhi akatoka ananuka moshi mpaka kwenye nywele. Alivaa blauzi za mikono mirefu, joto au baridi. Nilidhani ni kwa ajili ya moshi. Siku hiyo alikuwa anafua nyuma ya nyumba, na povu lilikuwa limemlowesha, akakunja mikono ya blauzi akidhani yuko peke yake. Mkono wa kushoto ulikuwa mweusi kutoka kifundo mpaka kiwiko. Madoa mengine yalikuwa mapya, mengine yamekwishafika kwenye njano.

Furaha niliyoipata siwezi kuieleza.

"Mama! Umeanza lini?"

Alishusha mikono ya blauzi haraka, maji yakichuruzika. "Kuanza nini?"

"Upinde! Baba anakufundisha, sivyo? Ndiyo maana mnajifungia."

Maana nilikuwa nimesikia. Mara kadhaa nikitoka shule nilikuta mlango wa chumbani umefungwa, na ndani kuna mlio mkavu, kimya, mlio mkavu, kimya. Nilikuwa naujua mlio wa ugwe, na ule haukuwa wenyewe hasa. Lakini nilisema labda ni ugwe mpya, haujapakwa nta ya kutosha.

Mama alikamua maji ya mkono wa blauzi. Nyuma yake shati la baba lilikuwa linatiririsha maji kwenye kamba.

"Usimwambie mtu," alisema.

"Ni siri?"

"Ni siri."

Nikaapa. Halafu, kwa kuwa nilikuwa mjuzi na yeye ndiye anaanza, nikamsogelea nikamshika kiwiko na kukigeuza kidogo. "Ukinyoosha mkono, geuza hivi, kitazame nje. Hutaumia tena."

Akakishika kidevu changu kwa mkono wenye povu. "Ahsante, mwanangu," alisema. "Nitajaribu."

Siri ile nilikaa nayo kwa shida, kama mtu aliyeweka kaa la moto mfukoni. Niliitunza mpaka Ijumaa moja, baada ya swala, ambapo baba aliwakusanya vijana wapya uwanjani. Aliniita nionyeshe. Niliufyatua upinde wangu mdogo kwenye gunia la pumba, mkono umenyooka, kiwiko nje, bega chini, na wanaume wazima walipiga makofi. Mzee Maganga, aliyekuwa msaidizi wa baba na ndiye mkubwa wao kwa umri, alisema, "Huyu angekuwa na ndevu tungelala usingizi."

Kijana mmoja akachapwa na ugwe, akaruka akishika mkono. Baba akamwita mbele, akauinua mkono wake ili wote waone wekundu ule wa upande wa ndani. "Tazameni. Hapa ndipo mwalimu anapopiga. Kila mtu humu amepigwa hapa."

Na mimi, kwa fahari ambayo hata sasa naisikia ikipanda kooni, nikasema kwa sauti: "Hata mama! Mama naye anajifunza, mkono wake mweusi wote!"

Wengine wakacheka. Baba hakucheka, halafu akacheka.

"Mama yako?" akauliza Mzee Maganga. Aliinama tukawa sawa kwa macho. "Mweusi wapi, mama? Hebu nionyeshe."

Nikainua mkono wangu. Niliuinua vile nilivyouona mama ameukunja akifua, nikapitisha kidole upande wa nje, kwenye ule mfupa unaotoka kifundo kwenda kiwiko. "Huku. Huku kote."

Ugwe haufiki upande huo. Hata ungefanya kosa gani, hata ungeushika upinde kinyume, ugwe hauwezi kukuchapa upande wa nje wa mkono. Kila mwanaume aliyesimama pale alilijua hilo kwa ngozi yake mwenyewe. Nilikuwa nalijua pia, kama ningejiuliza. Vicheko vilizimika kimoja kimoja. Mzee Maganga alisimama pole pole, akapangusa magoti ambayo hayakuwa na vumbi, akamtazama baba.

"Kamanda," alisema, "mazoezi ya leo yametosha."

"Mtoto ana maneno," baba alijibu.

"Ndiyo. Yametosha."

Tulirudi nyumbani baba ameniwekea mkono begani. Vidole vyake vilikaza mpaka nikaanza kutembea upande. Nilidhani amekasirika kwa kuwa nimetoa siri, na nikaanza kutunga namna ya kumwomba mama radhi. Tulipofika aliniambia nibaki uani. Akapitia ghalani, akatoka na ufito wa mkole aliokuwa anauchonga uwe upinde, bado haujapindwa, akaingia ndani. Akafunga mlango.

Nikamsikia, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa ndogo. "Unamtuma mtoto akanitangaze!"

"Sijamtuma."

"Mbele ya watu wangu!"

"Wallahi sijamtuma, Baba Kabula."

Halafu ule mlio mkavu. Sasa nilikuwa karibu, na dirisha lilikuwa wazi, na hapakuwa na ugwe wowote ndani ya mlio ule. Nilizunguka nyuma, nikapita mlango wa jikoni, nikatokea sebuleni.

Mama alikuwa amepiga magoti kwenye kona, mgongo ukutani, damu imemtoka puani imeingia mdomoni. Mkono wa kulia ameuweka kichwani. Wa kushoto ameuinua mbele ya uso, umekunjwa, upande wa nje umetazama juu. Ufito ulishuka ukatua palepale, kwenye ule mfupa. Ukapanda, ukashuka, ukatua palepale. Mama hakulia. Alihema tu kila ulipotua, kama mtu anayeshusha mzigo. Nikaona mkono ule unavyoinuliwa na nikaelewa kwamba naye alikuwa amejifunza kweli. Alijua pa kuuweka, na kimo chake, na jinsi ya kukunja kiwiko ili uso usifikiwe. Alikuwa na mazoezi ya miaka.

Sikumbuki nilivyopanda kwenye kiti. Nakumbuka uzito wa upinde wa porini mkononi, na kwamba ulikuwa mwepesi kuliko nilivyodhani. Mishale ya baba ilikaa katika mapodo mawili. Moja lilining'inia mlangoni, la mishale ya kuwindia kanga. La pili lilikuwa juu kwenye boriti, mdomo wake umefungwa kwa ngozi, na hilo lilikuwa na sumu. Sikuwa nimewahi hata kuligusa. Nilichomoa mshale kwenye podo la mlangoni. Chembe chake kilikuwa cha chuma, kimenolewa. Nikaupachika, nikamwelekea baba, nikavuta.

Alisikia mti ukilia. Akageuka, ufito ukiwa juu.

Naweza kukaa hapa siku nzima nikiutazama uso wake. Haukuwa na woga. Alinikagua kuanzia miguuni kwenda juu, kama alivyomkagua kila kijana aliyesimama mbele yake uwanjani: miguu, kiuno, bega, mkono. Nami kwa hofu nilikuwa nimeusahau upinde ninaoushika. Nilikuwa nimesimama wima, mkono wa kushoto umenyooka kabisa, kama ule mrefu.

"Weka chini," alisema.

Sikuweka.

"Kabula." Sauti ilikuwa imerudi kuwa ndogo. Ilikuwa sauti ya uwanjani, sauti ya mwalimu, na nadhani ilimtoka kabla hajajua. "Huo ni wa porini. Kunja kiwiko."

Nikakunja kiwiko. Upinde ukalala ubavu wenyewe, mshale ukashuka, na nikaachia.

Aliinua mkono wa kushoto mbele ya uso. Mshale ulimwingia kwenye kigasha, upande wa nje, chini kidogo ya kiwiko, chembe kikatokea upande wa pili. Alirudi nyuma hatua moja akagonga meza. Ufito ulianguka. Aliutazama mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine, halafu akanitazama mimi, na neno lake la kwanza lilikuwa:

"Umetoa podo lipi?"

Nilikuwa nautazama ufito sakafuni.

"Lipi, mwanangu? La juu au la mlangoni?"

"La mlangoni."

Akafumba macho. Akateleza pole pole akakaa sakafuni. Ndipo damu ikaja, si kwa kutiririka bali kwa kuruka, kwa mapigo, ikamwagika kwenye kanzu yake ya Ijumaa. Mama alikuwa amesimama. Alinijia, nikadhani atanikumbatia, na akanipiga kofi moja, yeye ambaye hakuwahi kunipiga kabla wala baada ya siku hiyo. Upinde ukaruka mkononi. Kisha akavuka, akapiga magoti mbele ya mtu aliyekuwa anampiga muda huohuo, akavua kanga yake ya kiunoni, akaifunga juu ya jeraha na kukaza kwa meno na mkono.

"Kimbia kamwite shangazi yako," alisema bila kugeuka. "Kimbia!"

Shangazi Nyamizi, dada yake baba, aliishi karibu na stesheni. Nilikimbia shavu likiwaka. Alikuja na dawa za kienyeji na mwanamume mwenye baiskeli, wakampeleka baba zahanati, na kabla jua halijazama kijiji kizima kilikuwa kimeambiwa kwamba mtoto wa Kamanda alikuwa anacheza na upinde ukamponyoka. Baba mwenyewe ndiye aliyesema hivyo. Mzee Maganga alikuja kumpa pole, akaketi, akaniangalia, akamwangalia mama, akasema, "Mshukuru Mungu mwanao ana shabaha mbaya."

Jeraha lilioza. Masika yote nyumba ilinuka. Mama alilisafisha asubuhi na jioni kwa maji ya chumvi, baba akiuma kipande cha mti, na mimi nikishika beseni. Hakutupiga masika ile. Lilipopona, vidole vitatu vya mkono wa kushoto vilikuwa vimekataa kufunga, na mtu asiyeweza kufumbata mkono wa upinde hana upinde. Sungusungu wakamfanya Mzee Maganga kuwa kamanda wao. Tulipomaliza kuvuna, siku ambayo baba alikuwa ameanza tena kupaza sauti, mama alinishika mkono tukapanda treni kwenda Tabora, na hatukurudi. Baba alioa tena. Alikufa mimi nikiwa na watoto tayari.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa nimeandika. Na kwa miaka hii yote nimeishi nikijua, bila kumwambia mtu, kwamba nilimwokoa mama yangu kwa mshale mmoja.

Juzi nilikwenda Ipuli anakoishi, nikamsomea. Alikuwa amekaa kwenye mkeka barazani, anakata viazi vya kuanika michembe, kisu kinakwenda chenyewe. Hakunikatiza. Pale kwenye kufua alitabasamu kidogo. Pale kwenye kofi kisu kilisimama. Nilipomaliza alichukua kiazi kingine.

"Treni hujaiweka," alisema.

"Nimeiweka, mama. Hapa mwisho."

"Siyo hiyo. Ya siku ile."

Sikumwelewa. Akaniangalia jinsi mtu anavyomwangalia mtoto anayetaka kuvuka barabara.

"Siku ile ya Ijumaa tulikuwa tunaondoka, Kabula. Mimi na wewe. Nguo zetu zilikuwa kwa Nyamizi tangu juzi yake, nimezipeleka kidogo kidogo chini ya kuni. Treni ya kutoka Kigoma ilikuwa ipite alfajiri, ikachelewa kama kawaida yake, wakasema ni jioni. Nikasema basi, nimwache mtoto aende na baba yake uwanjani, asishtuke. Wakirudi, baba yake atatoka kwenda kwa wenzake, na sisi tutatoka."

Nilibaki nimeshika karatasi.

"Nikabaki miezi yote ile," alisema. Hakukuwa na lawama katika sauti yake. "Nilikuwa nimembana baba yako mkono, damu inaniruka usoni, nikaisikia inapiga honi kule darajani. Nikaisikia inaingia stesheni. Nikasema nikimwachia huyu sasa hivi, naiwahi. Ni mbio tu, kwa Nyamizi si mbali." Akakata kiazi, akavipanga vipande kwenye ungo. "Lakini ningemwachia angekufa. Na wewe ungekuwa mtoto aliyemuua baba yake, maisha yako yote."

"Mama..."

"Nikakaza. Nikaisikia inaondoka."